Shira Kwenye Kidole

Watu wa mtaa ule hawakuhitaji jogoo. Harufu ya mkate ndiyo iliyowaamsha. Ilipenya dirishani, ikaingia mpaka chini ya shuka, na kila mtu akajua kwamba Baba Pacha amefungua tanuri.

Alikuwa ameoka mikate kwa miaka ishirini na saba. Duka lake lilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa na kaunta ya kioo, na hapo alisimama mkewe, Mama Pacha, akiuza. Chumba cha nyuma kilikuwa na tanuri, meza ndefu ya mbao, magunia ya unga, na Baba Pacha mwenyewe, mweupe wa unga kuanzia nyusi hadi viatu. Pacha wao walikuwa watu wazima, kila mmoja na kwake. Ila majina yale ya wazazi yalibaki.

Kilichompa sifa si mkate. Mkate kila mtu anaoka. Sifa yake ilikuwa skonzi, vile vimkate vidogo vitamu. Zilipotoka tanurini alizipaka shira, yaani sukari iliyochemshwa na maji mpaka ikawa nzito na yenye kung'aa. Hakutumia brashi. Alisema brashi haina akili. Alichovya vidole vitatu vya mkono wa kulia, akazipaka moja moja, kama mama anayempaka mtoto mafuta.

Kila sufuria ya shira aliionja kwa kijiko. Skonzi iliyoungua ukingo aliila. Iliyopasuka aliila.

"Baba Pacha, daktari alikukataza," mkewe alisema.

"Daktari alinikataza kula. Mimi naonja. Aliyeonja hajala."

"Na hizo mbili zilizoungua?"

"Zilizoungua hazihesabiki. Ulishawahi kumuuzia mtu skonzi iliyoungua?"

Mama Pacha alicheka, ingawa hakutaka. Mume wake alijua kumchekesha, na hilo lilikuwa tatizo. Mtu anayekuchekesha ni vigumu kumgombeza.

Kliniki walikuwa wamemwambia miaka miwili nyuma kwamba ana ugonjwa wa sukari. Walimpa vidonge, akavimeza siku alizokumbuka. Walimwambia apunguze vitu vitamu, akapunguza vijiko vya sukari kwenye chai kutoka vinne hadi vitatu. Kiu haikuisha. Alikunywa maji kama tanki linalovuja, na safari za chooni zikawa nyingi mpaka wateja wakamtania.

Ndipo binti yao, aliyeishi mji mwingine, alipotuma kifurushi. Ndani mlikuwa na mashine ndogo ya kupimia sukari, inayotosha kiganjani. Pamoja nayo mlikuwa na visindano vya kutobolea kidole, na kikopo cha vile vipande vyembamba vya kupimia vinavyoitwa stripu. Kulikuwa na karatasi ya maelezo pia. Maandishi yake yalikuwa madogo. Baba Pacha akaikunja, akafunikia kopo la hamira.

Walipima siku ileile, palepale kwenye meza ya kuokea. Trei ya mwisho ya skonzi ilikuwa imepakwa sasa hivi. Mama Pacha alishika kisindano.

"Nawa kwanza," alisema. "Kule kliniki huwa wananawa."

Baba Pacha alinyoosha mikono yake mbele, kama mtu anayeonyesha bidhaa.

"Mikono hii? Mikono hii inashika chakula cha mtaa mzima. Mikono ya mwoka mikate ni misafi kuliko ya daktari. Toboa."

"Nawa tu, mume wangu. Bomba lile pale."

"Toboa, mke wangu. Damu itapoa."

Alijifuta kwenye aproni. Mama Pacha akatoboa kidole cha shahada. Tone likaingia kwenye stripu. Mashine ikafikiri kidogo, ikaandika ishirini na moja.

"Haiwezekani," alisema Baba Pacha. "Ningekuwa maiti. Jaribu kingine."

Kidole cha kati kikatoa kumi na nne. Kile cha tatu kikatoa kumi na saba.

Baba Pacha akaiweka mashine mezani. Akaitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

"Nikuulize. Ukinunua mzani wa unga, uweke gunia lilelile mara tatu. Mara kilo ishirini na moja, mara kumi na nne, mara kumi na saba. Utaununua?"

"Sitaununua."

"Basi. Mtoto ametapeliwa. Wamemuuzia kitu cha uongo."

Mama Pacha alitaka kusema tena habari ya kunawa. Alikuwa na neno mdomoni. Mteja akagonga kioo akitaka mikate miwili, naye akaenda kuuza. Aliporudi, mashine ilikuwa ndani ya droo, pamoja na funguo za makufuli yasiyokuwepo tena. Kikopo cha stripu kilikuwa wazi juu ya tanuri, kwenye joto. Alikifunga. Akakipeleka nyumbani, kabatini, mahali pakavu. Kwa miezi kumi hakuitaja tena mashine wala kunawa, na baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko jambo jingine lolote.

Miezi ile kumi Baba Pacha aliishi kwa amani ya mtu aliyeizima redio wakati wa taarifa mbaya. Binti alipopiga simu kuuliza, alimjibu, "Napima, mama, napima. Iko sawa." Macho yalianza kuona ukungu. Alisema ni moshi wa tanuri. Nyayo zilianza kufa ganzi. Alisema ni kusimama.

"Nahisi kama nimevaa soksi mbili," alimwambia mkewe, "na nimevaa moja."

"Twende kliniki."

"Kwa ajili ya soksi?"

* * *

Jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa fundi viatu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye na Baba Pacha walitaniana kila siku ya Mungu.

"Wewe unauza matundu," fundi viatu alimwambia. "Mkate wako ukiukata, nusu ni hewa."

"Na wewe unashona harufu za watu," Baba Pacha alimjibu. "Hewa yangu angalau inanukia."

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, Baba Pacha aliingia kwa fundi huku kiatu chake cha kulia kikipiga makofi. Soli ilikuwa imeachia mbele. Akaketi kwenye kigoda, akavua kiatu, akakitupa mezani.

"Kishone haraka. Nina trei tanurini."

Fundi alitia mkono ndani ya kiatu, kama anavyofanya kwa kila kiatu. Akautoa upesi. Kidole chake kilikuwa na damu. Akakigeuza kiatu kwenye mwanga, akachungulia, akachukua koleo, akavuta. Akaweka kitu mezani kati yao. Ulikuwa msumari, mfupi, wenye kutu, wa aina ile inayopigiliwa kwenye kreti za mbao.

"Jirani," alisema, "umekuja kwa mguu na kitu hiki?"

"Kimetoka wapi?"

"Ndani. Umeingia kutoka chini, ukachomoza kwenye vidole. Soksi vua."

"Soksi ya nini?"

"Vua soksi."

Sauti ya fundi haikuwa na utani. Baba Pacha akavua. Soksi iligoma, ilikuwa imegandamana. Ilipotoka, harufu ilitoka nayo. Chini ya kidole gumba kulikuwa na tundu jeusi. Kidole chenyewe kilikuwa kimevimba na kuwa na rangi ya bilinganya, na cha pili yake vilevile.

Fundi alikibonyeza kile kidole kwa kucha. "Unasikia?"

"Nasikia nini?"

"Nakubonyeza."

Baba Pacha alitazama chini. Aliiona kucha ya fundi imezama kwenye nyama yake mwenyewe. Hakusikia chochote. Ilikuwa kama kutazama mguu wa mtu mwingine.

Akakumbuka. Jumatatu alivunja kreti bovu nyuma ya duka. Leo ni Jumamosi. Siku sita alisimama, alitembea, alibeba magunia juu ya msumari. Na katika duka lenye harufu ya mkate, nani angenusa kidonda?

"Shemeji!" fundi aliita kupitia ukutani. "Shemeji, zima tanuri, njoo! Na mtafute mtu mwenye gari!"

Mama Pacha alikuja mbio. Aliona mguu, akajishika kifua. Kijana wa duka la jirani akaenda kutafuta gari. Wakati wanalisubiri, fundi akauliza, "Sukari yake ni ngapi? Hospitali hilo ndilo swali la kwanza."

"Hatupimi," alisema Mama Pacha. "Tuna mashine, lakini..."

"Mashine ni ya uongo," alisema Baba Pacha. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Vidole vitatu, majibu matatu."

Fundi viatu akavuta droo yake. Kati ya sindano na nyuzi mlikuwa na mashine kama ileile, na daftari lililochakaa pembe.

"Mimi nina sukari mwaka wa kumi na tisa," alisema.

"Wewe?"

"Mimi. Hukuniuliza, nami sikukuambia. Tulikuwa tunataniana. Shemeji, leta yenu. Visindano havichangiwi, kila mtu na chake."

Mama Pacha alitoa mashine na visindano kwenye droo ya funguo, akakimbia nyumbani kuchukua stripu. Nyumba ilikuwa nyuma ya duka. Fundi alikisoma kikopo, akaona tarehe haijapita.

"Nani alikitunza?"

"Mimi," alisema Mama Pacha.

Fundi alimtazama Baba Pacha mkono wa kulia. Vidole viling'aa. "Ulikuwa unapaka shira?"

"Trei mbili nimemaliza."

"Nyoosha hivyohivyo. Usifute." Mama Pacha akatoboa. Mashine ikaandika ishirini na tano. "Sasa mletee maji na sabuni. Anawe kama anayekwenda kula. Akaushe vizuri, maji yakibaki yanaharibu kipimo."

Alinawa. Akakausha. Mama Pacha akatoboa kidole kilekile, ubavuni, karibu na tundu la kwanza. Mashine ikaandika kumi na sita.

Fundi akaandika namba zote mbili kwenye daftari lake, akaonyesha ya kwanza kwa sindano yake ya kushonea. "Ile ni shira." Kisha ya pili. "Hii ni wewe."

Baba Pacha alivitazama vidole vyake. Nje gari likapiga honi.

* * *

Daktari hakuwa mtu wa kuzungushazungusha. Alikitazama kidonda, akaangalia picha ya mfupa, akasema, "Ungekuja Jumatatu, tungekisafisha ukarudi nyumbani. Umekuja Jumamosi."

Waliondoa kidole gumba na kile kilicho jirani yake. Sukari inapokuwa juu kwa muda mrefu, daktari alieleza, mishipa ya fahamu ya miguu inakufa, mtu hasikii maumivu. Damu nayo haifiki vizuri, kidonda hakiponi. Msumari ni kitu kidogo. Miezi iliyotangulia msumari ndiyo jambo kubwa.

Siku ya nne muuguzi wa kisukari alikuja na kiti chake, akaketi kando ya kitanda. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuamuru foleni.

Baba Pacha alikuwa na swali. Lilikuwa limemla siku tatu.

"Sista, zile namba za siku ya kwanza. Ishirini na moja, kumi na nne, kumi na saba. Kwa hiyo zilikuwa za uongo kwa sababu ya shira?"

"Huenda zilizidi. Ndogo kuliko zote ilikuwa ipi?"

"Kumi na nne."

"Na sisi kliniki tulikuambia ukipima kabla ya kula iwe ngapi?"

Baba Pacha alimgeukia mkewe. Mama Pacha, aliyekuwa amesimama dirishani, ndiye aliyejibu. "Nne mpaka saba."

"Na saa mbili baada ya kula?"

"Isizidi kumi."

"Haya," alisema muuguzi. "Hata ile ndogo ilikuwa kubwa. Na hata kama zote zilikuwa na makosa, dawa ilikuwa kunawa na kurudia, kisha kuja kwetu. Mashine haikukuambia mambo matatu, baba. Ilikuambia jambo moja mara tatu. Ilikuambia njoo."

Baba Pacha aligeuza uso ukutani.

"Mke wangu aliniambia ninawe," alisema, akiongea na ukuta. "Bomba lilikuwa hatua nne."

"Na mimi nilinyamaza," alisema Mama Pacha. "Nilisema mara mbili, nikanyamaza miezi kumi."

"Basi mmeshagawana kosa," alisema muuguzi. "Sasa tugawane kazi. Nani anaandika?"

Mama Pacha alitoa kalamu.

Muuguzi aliwafundisha polepole, na kila kitu aliwafanyisha wenyewe. Nawa kwa sabuni, kausha. Toboa ubavu wa ncha ya kidole, si katikati, huko kunauma zaidi. Kila siku badilisha kidole. Kisindano kipya, na kilichotumika kitiwe kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, mtu asijichome. Kikopo cha stripu kifungwe kila mara, kikae mbali na joto na unyevu.

"Na siku nikiwa mahali pasipo na maji?"

"Tone la kwanza lifute kwa pamba kavu safi, upime la pili. Lakini wewe unakaa na bomba. Usinitafutie njia ya mkato. Na namba yoyote, nzuri au mbaya, iandike na saa yake na ulichokula. Mbaya ndiyo iandike kwa wino mzito. Hatutaki daftari la kutufurahisha."

Kisha alichukua sahani tupu ya hospitali, akaiweka kwenye mapaja ya Baba Pacha.

"Wewe unagawa donge la unga kwa mkono, nimesikia. Igawe hii nusu kwa nusu."

Alichora kwa kidole.

"Nusu nzima ni mboga. Majani, kabichi, bilinganya, karoti, unachopata. Nusu iliyobaki igawe tena."

"Robo na robo."

"Robo moja maharage, au samaki, au yai, au nyama isiyo na mafuta. Robo nyingine ndiyo wali, au viazi, au mkate."

Baba Pacha aliitazama ile robo. "Mkate wote ni hapo?"

"Mkate wote ni hapo. Na ule wa unga usiokobolewa ni bora. Kinywaji ni maji. Chai bila sukari. Tunda lile zima, moja, usilikamue juisi. Wala usiruke mlo ukidhani ndiyo kufunga breki, maana vidonge viko tumboni vinafanya kazi."

"Na kuonja?"

"Kuonja ni kula," alisema muuguzi. "Mdomo hauna mlango wa kuonjea."

Mama Pacha alicheka. Kisha akalia. Alicheka na kulia kwa pamoja, akiandika.

* * *

Alirudi dukani baada ya wiki sita. Tanuri lilikuwa baridi na meza ilikuwa na vumbi. Wateja wengine walikuwa wamezoea mkate wa mtaa wa pili. Aligundua kwamba kidole gumba cha mguu ni kama usukani. Bila hicho, mtu akigeuka na trei ya moto anayumba. Trei ya kwanza aliiangusha. Skonzi thelathini zilitawanyika sakafuni, naye akasimama katikati yake, ameshika meza, hajui aanze kuokota wapi.

Fundi viatu aliingia, akaokota naye. Kisha akampima miguu.

"Nitakushonea kiatu kipana, laini ndani, na nitajaza pale palipo wazi ili usiyumbe. Ila kila siku, kabla hujavaa, ingiza mkono ndani. Mguu wako hauoni tena. Mkono uwe macho yake. Na jioni angalia nyayo. Ukishindwa kuinama, shemeji aangalie."

"Nikulipe nini?"

"Mkate. Ule wa unga usiokobolewa. Na upunguze matundu."

Baba Pacha alinunua brashi ya kupakia shira. Siku ya kwanza aliitazama kwa aibu. Alikuwa ameitukana brashi miaka ishirini na saba. Na kuonja aliacha. Alidondosha tone la shira kwenye kikombe cha maji baridi. Likikaa kama kijiwe, imekolea. Likiyeyuka, bado. Njia hiyo alifundishwa na mwalimu wake wa kazi alipokuwa kijana, na siku zote alikuwa akiijua.

Daftari likaanza kujaa. Wiki ya kwanza alipima kabla ya kula na saa mbili baadaye, kama alivyopangiwa. Asubuhi moja alikula nusu mkate mweupe, mkate wake mwenyewe, na chai kavu, bila sukari. Saa mbili baadaye mashine ilisema kumi na tano. Kesho yake alikula kipande kimoja cha mkate usiokobolewa, yai, na sahani ya mboga. Mashine ikasema tisa. Aliita, "Mama Pacha! Njoo uone. Adui nilikuwa namwoka mwenyewe!"

Siku nyingine alimeza kidonge, akachelewa kula kwa sababu ya foleni ya wateja. Mikono ikaanza kutetemeka, jasho likamtoka, maneno yakawa mazito. Mama Pacha alimketisha, akamnawisha, akampima. Tatu nukta tatu. Iko chini ya nne, na hiyo nayo ni hatari. Alikoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, akamnywesha. Baada ya robo saa wakapima tena, imepanda hadi tano, ndipo akala chakula chake.

"Leo sukari imekuwa dawa," alisema Baba Pacha. "Mtu hajui amchukie nani."

Wakaenda kliniki na daftari, na daktari akabadilisha saa za vidonge. Ndiyo kazi ya daftari.

Miezi sita ikapita. Asubuhi nyingi namba zilikuwa sita, saba, mara chache nane. Kiu iliisha. Ukungu wa macho ulipungua, japo si wote. Kidonda kilifunga, ngozi ikawa nyororo. Siku moja binti alipiga simu, akauliza kama kawaida yake, "Baba, unapima?"

Baba Pacha aliweka brashi chini.

"Sasa napima," alisema. "Zamani nilikudanganya. Mashine haikudanganya, mimi ndiye niliyedanganya."

Upande wa pili wa simu alisikia mtoto wake akivuta pumzi. Hakumgombeza. Ingekuwa afadhali angemgombeza.

* * *

Mchana mmoja, duka likiwa tulivu, aliingia muuza matunda wa pembeni mwa barabara. Alikuwa dada mchangamfu, aliyekata matikiti na machungwa tangu asubuhi hadi jioni. Alinunua mkate, kisha akatoa mashine kwenye pindo la kanga, akaibwaga juu ya kaunta.

"Kaka, wewe si una kitu hiki? Nitakuuzia changu. Kinasema uongo. Asubuhi kumi na moja, sasa hivi ishirini na mbili. Nimekula nini cha kunipandisha hivyo? Nakitupa."

Mama Pacha alikuwa akifuta kioo. Mkono wake ukasimama.

Baba Pacha alitoka nyuma taratibu, kwa ile hatua yake mpya ya kupima sakafu. Aliitazama mikono ya yule dada. Maji ya chungwa yalikuwa yamekaukia vidoleni, yakang'aa.

"Nawa kwanza, dada," alisema. "Bomba lile pale."

"Mikono yangu misafi, kaka! Nashika chakula cha watu."

"Najua. Nawa."

Pengine ni ile sauti yake. Yule dada alinawa bila neno jingine, akakausha, akajitoboa. Mashine ikaandika kumi na mbili. Akaruka kwa furaha.

"Umeona! Imeshuka! Nilijua sina kitu."

"Usicheke," alisema Baba Pacha. "Hapo ndipo mimi nilipokosea. Ishirini na mbili ilikuwa chungwa. Kumi na mbili ni wewe, na bado ni kubwa. Unakwenda kliniki lini?"

"Mwezi ujao."

"Nenda kesho. Peleka na namba zote. Kesho, umenielewa? Si Jumamosi."

Yule dada hakuelewa Jumamosi imeingiaje, lakini alishusha macho yake mpaka kwenye kile kiatu kipana cha kulia. Furaha ikamtoka taratibu. "Kesho," alisema. Akachukua mkate wake na mashine yake, akaenda.

Mama Pacha alirudi kwenye kufuta kioo. Alikifuta mahali pamoja kwa muda mrefu.

"Amenawa," alisema. "Mara moja tu umemwambia, amenawa. Mimi nilikuambia maneno yaleyale."

"Yaleyale," alisema Baba Pacha. "Ila wewe ulinipa bure, na mimi nimeyalipia kwa vidole viwili."

Akaenda bombani. Ilikuwa karibu saa ya kula, na hajapima. Akachukua sabuni, akasugua kidole kimoja kimoja, vyote kumi.